Mgao wa Vidonge

Mwezi ukiwa mpevu, dagaa hawavuliki. Taa za karabai hushindana na mwanga wa mbinguni, nazo hushindwa. Kwa hiyo kila mwezi ulipokuwa mkubwa, wavuvi wa mwalo wa Nyamisange, pwani ya kuegesha mitumbwi upande wa Busisi, walikaa nchi kavu. Walishona nyavu, walilala, walikula, na walimchosha Wilhelmina.

Wilhelmina alikuwa mke wa Nkwabi, nahodha wa mtumbwi. Asubuhi alianika dagaa mchangani. Mchana aliwapikia watu wote wa mtumbwi ule, nao walikuwa wanne. Wa kwanza ni mumewe. Wa pili ni Ogweno, Mjaluo kutoka Mara, mwenye maneno mengi kuliko redio. Wa tatu ni Shimba, Msukuma wa hapo hapo, ambaye alisema neno moja asubuhi na jingine jioni. Wa nne ni Antoni, Mkerewe kutoka Nansio, mtu mnene ambaye hakuwahi kukataa chakula wala kuosha sahani.

Nkwabi alikuwa na sifa moja iliyojulikana mwalo mzima. Alijua kugawa. Mtumbwi ulipofika nchi kavu, alipanga mafungu ya dagaa juu ya turubai. Fungu la mtumbwi, fungu la nyavu, fungu la taa, na fungu la kila mtu. Kisha Shimba aligeuka, akayapa mafungu mgongo. Nkwabi aligusa fungu moja akauliza, "Hili la nani?" Shimba, bila kuona, alitaja jina. "La Antoni." "Na hili?" "La Ogweno." Hivyo hakuna aliyeweza kusema mwenzake amependelewa. Katika mialo mingine watu walitoana meno kwa sababu ya mgao. Kwa Nkwabi hakuna aliyewahi hata kununa.

Wilhelmina alijivunia sifa hiyo, lakini pia ilimchosha. Mume wake aligawa kila kitu. Akipata mche wa sabuni, aliukata vipande. Akinunua shati jipya, baada ya muda lilionekana mgongoni kwa Ogweno. "Mtumbwi mmoja, tumbo moja," ndivyo Nkwabi alivyopenda kusema. Wilhelmina alimjibu kwamba tumbo lake yeye si moja na la Antoni, na kwa hilo anamshukuru Mungu kila siku.

Mwaka ule mvua za El Nino zilinyesha kana kwamba mbingu imetoboka. Ziwa lilipanda. Vyoo vichache vilivyokuwepo kijijini vilijaa maji na kubomoka. Pale mwaloni hapakuwa na choo hata kabla ya mvua. Wanaume waliingia kwenye matete, wakajisaidia, wakatoka. Si mbali na matete hayo ndipo wanawake walipochota maji. Kila mtu aliliona jambo hilo, na kila mtu alilizoea.

Zamani Wilhelmina aliwahi kuchemsha maji ya kunywa. Ogweno akasema yananuka moshi. Antoni akasema yanamkinaisha. Nkwabi akasema babu zake waliyanywa maji ya ziwa mabichi na wakazeeka. Wilhelmina akachoka kubishana na watu wazima wanne. Akaacha.

Ndipo Nkwabi akaugua.

Ilianza kama homa ndogo na kichwa kuuma. Wakasema ni malaria. Akameza klorokwini, akajikuna mwili mzima, na homa haikushuka. Kila siku ilipanda kuliko jana yake. Tumbo likajaa. Choo kikagoma. Nkwabi, aliyezoea kumaliza mlima wa ugali, sasa alikitazama chakula kama anamtazama adui. Wilhelmina alimwambia waende zahanati. Nkwabi akasema kesho. Kesho yake ilipofika, akasema tena kesho. Mwishowe Wilhelmina alimvisha shati kama anavyovishwa mtoto, akamtoa nje, akamtembeza njia nzima bila kumsemesha.

Mwuguzi wa zahanati aliitwa Sista Gladness. Alikuwa mama wa makamo, mnyoofu wa maneno. Alimtuma Nkwabi kituo cha afya akatolewe damu. Majibu yalipokuja akawaambia kwamba hii si malaria, ni homa ya matumbo, ambayo wengine huiita taifodi. Akawaeleza kwamba vijidudu vyake hutoka kwenye kinyesi cha mtu mwenye ugonjwa huo. Huingia kwenye maji au chakula, na kutoka hapo huingia mdomoni. Vikifika tumboni hukaa kwenye utumbo na kuula taratibu, kama mchwa anavyokula mlango.

Alimpa Nkwabi bahasha ya karatasi iliyojaa vidonge.

"Hivi ni vyako," alisema. "Utameza kila siku, kama nilivyoandika, mpaka bahasha iwe tupu. Sasa nisikilize, baba. Utajisikia mzima kabla dawa haijaisha. Hapo ndipo watu wanapoharibu. Ukiacha, vijidudu vilivyobaki vitarudi na hasira."

"Sawa, Sista," Nkwabi aliitikia kwa heshima.

Wilhelmina alimwamini Sista. Alimwamini na mumewe pia. Hilo la pili lilikuwa kosa.

Siku chache baadaye homa ilishuka. Nkwabi akaomba uji, kisha akaomba samaki, kisha akaanza kuwakosoa wenzake kwa namna walivyoshona nyavu. Wilhelmina akajua amepata nafuu. Akabeba dagaa wake akaenda Busisi kwenye gulio.

Aliporudi aliwakuta wote wanne wamekaa kivulini nyuma ya nyumba. Katikati yao palikuwa na mfuniko wa sufuria yake kubwa. Kando ya mfuniko ilikuwepo bahasha ya Sista Gladness, na bahasha ilikuwa tupu. Ogweno alikuwa anateremsha kitu kooni kwa kikombe cha maji.

Wilhelmina aliuliza wamefanya nini. Ogweno aliweka kikombe chini, Antoni akajifuta mdomo. Aliuliza mara ya pili, kwa sauti ile ambayo hata Shimba huijibu.

"Tumegawana, shemeji," alisema Shimba.

Habari yote ikatoka. Ogweno alikuwa na tumbo la kukata, akienda haja mara kwa mara, na akaona damu. Shimba naye alikuwa na maumivu ya chini ya tumbo ya siku nyingi, na alikuwa anachoka upesi. Nkwabi akawahurumia. Akavimwaga vidonge kwenye mfuniko, akapanga mafungu manne yaliyo sawa, akamwambia Shimba ageuke. "Hili la nani?" Vikagawanywa kama dagaa.

"Na wewe, Antoni," aliuliza Wilhelmina, "wewe unaumwa nini?"

Antoni alifikiri. "Mimi siumwi sana, shemeji. Lakini fungu langu lilikuwa langu."

Wilhelmina aliweka beseni chini. Alikuwa amechoka, jua lilikuwa kali, na mbele yake walikaa wanaume wazima wenye ndevu. Alimgeukia mumewe akamwambia kwamba dawa si dagaa.

"Mke wangu, wote tunaumwa tumbo," alisema Nkwabi kwa upole. "Nilitaka nile peke yangu kama fisi? Mimi nimeshapona. Tumbo ni tumbo, na dawa ya tumbo ni dawa ya tumbo."

Wilhelmina alitaka kwenda kwa Sista siku ile ile akaseme. Nkwabi akamkatalia. Wataonekana watu wa ajabu, alisema, na zahanati itawanyima dawa siku nyingine. Wilhelmina alibishana mpaka sauti ikakauka. Kisha akaacha, kama alivyoacha kuchemsha maji. Baadaye jambo hilo ndilo lililomuuma kuliko yote, kwamba aliacha.

Fungu la Nkwabi likaisha upesi. Homa ikarudi. Safari hii hakutaka hata kusikia habari ya zahanati, kwa sababu angeulizwa vidonge viko wapi. Akaenda kwa Kashindye.

Kashindye alikuwa na duka kando ya barabara. Miaka ya nyuma aliuza chumvi na mafuta ya taa. Siku hizi biashara ilikuwa ruksa kwa kila mtu, naye akaongeza rafu ya dawa kati ya biskuti na betri. Hakuwa amesomea dawa hata kidogo. Alimwuzia Nkwabi vidonge vya rangi mbili, vichache, vilivyofungwa kwenye karatasi ya daftari. Hakumwuliza anaumwa nini. Alimwuliza tu kama anataka na biskuti.

Nkwabi alimeza vile vichache. Homa ikashuka kidogo, ikapanda tena. Wilhelmina alimtazama mumewe akikonda, akamwambia kila asubuhi waende zahanati, na kila asubuhi alijibiwa kwamba dawa ya Kashindye bado inafanya kazi.

Asubuhi moja Wilhelmina alikuwa mchangani anageuza dagaa. Alisikia sauti kutoka nyumbani. Haikuwa kelele. Ilikuwa kama mtu aliyepigwa ngumi akakosa pumzi. Alikimbia. Alimkuta Nkwabi sakafuni amejikunja, magoti kifuani, jasho la baridi usoni. Alisema kitu kimekatika tumboni, ghafla, na sasa tumbo lote linawaka moto. Alitapika. Hakutaka kuguswa. Hata shuka lilipomgusa tumbo alilalamika.

Mama yake Nkwabi, Bibi Dorotea, alikuwa ameshafika. Aliishi nyumba ya jirani. Mkononi alishika kikombe cha dawa ya mizizi.

"Ni mchango wa tumbo," alisema Bibi Dorotea. "Tumbo limefunga. Anywe hii, aharishe, uchafu utoke. Baba yake nilimtibu hivi hivi. Kisha nitamkanda kwa mafuta."

Wilhelmina alikitazama kikombe. Hakuwa na elimu ya dawa. Lakini alishaziona siku mbili alizoacha, siku ya maji na siku ya vidonge. Hakutaka kuwa na siku ya tatu. Akasimama kati ya kikombe na mumewe.

"Mama, nisamehe," alisema. "Hanywi kitu mpaka Sista amwone."

"Unanizuia mimi kumtibu mwanangu?"

"Leo nakuzuia, mama. Kesho nitapiga magoti."

Bibi Dorotea alisema maneno mazito kuhusu wakwe wa siku hizi. Wilhelmina alichukua kile kikombe kwa mikono miwili, kwa heshima, akakitoa nje, akakimwaga. Kisha akamwambia Shimba akae mlangoni na asimruhusu mtu yeyote kumpa nahodha chakula, maji wala mzizi. Akakimbia zahanati.

Sista Gladness alikuja naye bila kuuliza maswali mengi. Alipiga magoti, akaweka kiganja juu ya tumbo la Nkwabi taratibu. Lilikuwa gumu kama ubao wa mtumbwi. Akainua uso.

"Dawa niliyokupa umeimaliza?"

Nkwabi alifumba macho. Wilhelmina ndiye aliyejibu. Alisema yote, mafungu manne, Shimba kugeuka, duka la Kashindye, na kile kikombe cha mizizi ya kuharisha.

Sista Gladness akasema polepole, kama mtu anayejizuia asitukane mbele ya mgonjwa, kwamba amefanya kazi hii miaka mingi na ameona watu wakificha dawa, wakiuza dawa, hata wakiwapa mbuzi, lakini hajawahi kuona watu wanaopiga kura ya vidonge kwa kugeuka mgongo.

"Utumbo umetoboka," alisema. "Uchafu wa ndani unamwagika tumboni na kuoza humo. Hapa hakuna kidonge cha kumsaidia. Anatakiwa kupasuliwa, leo, hospitali kubwa ya Mwanza. Na nani alitaka kumpa dawa ya kuharisha?"

Bibi Dorotea alirudi nyuma hatua moja.

"Sikulaumu, mama, ulimhurumia," alisema Sista Gladness kwa sauti ya chini zaidi. "Lakini ukiona mtu ameshikwa na tumbo ghafla, limekuwa gumu, hataki kuguswa, usimpe dawa ya kuharisha. Usimkande. Usimpe chakula wala kinywaji. Dawa ya kuharisha inausukuma ule uchafu wote kwenye tundu. Hata kama ni kidole tumbo, yale maumivu yanayoanzia kitovuni na kushuka upande wa kulia, dawa hiyo hukipasua. Mtu wa hivyo ni wa kukimbizwa hospitali tu."

Alimtundikia Nkwabi maji ya dripu, akamchoma sindano, akaandika barua ya kumpeleka mbele. Wakamlaza kwenye mlango walioung'oa, wakambeba.

Kivukoni wakakuta balaa jingine. Gugu maji lilikuwa limeziba pale gatini usiku kucha, kijani kitupu kama shamba la viazi, na kivuko kilikuwa kimesimama. Watu walikaa wakingoja upepo ugeuke ulisukume. Wilhelmina aliutazama ule mmea unaoelea. Alihisi kulia, lakini hasira ilikuwa nyingi kuliko machozi.

"Mtumbwi," alisema Shimba.

Wakamrudisha mwaloni, wakamlaza kwenye mtumbwi wake mwenyewe. Kwa pale mwaloni gugu lilikuwa jembamba. Shimba alisimama mbele akilipasua kwa upondo. Antoni na Ogweno wakapiga makasia. Wilhelmina alikaa chini akishika chupa ya dripu juu, mkono ukifa ganzi. Antoni, ambaye siku zote alilalamika kwamba kasia lake ni zito, alipiga kasia mpaka mgongo ukalowa na hakufungua mdomo.

Katikati ya maji Ogweno aliacha kasia. Alisema kwa aibu kwamba tumbo lake limemkamata.

"Jikaze," alisema Wilhelmina.

"Shemeji, hili halijikazi."

"Ogweno, mume wangu anakufa kwenye mtumbwi huu kwa sababu ya tumbo lako. Piga kasia."

Ogweno alipiga kasia. Alipofika Kigongo aliruka kabla mtumbwi haujagusa mchanga, na hakuna aliyemcheka. Lori dogo la samaki likawachukua Wilhelmina na mgonjwa mpaka mjini.

Nkwabi alipasuliwa jioni ile. Daktari alitoka akamwambia Wilhelmina kwamba walikuta tundu kwenye utumbo. Wamelishona, wameuosha uchafu uliosambaa, na sasa atapewa dawa kali kwa njia ya mshipa. Alisema mgonjwa bado yuko hatarini. Alisema pia kwamba angekunywa dawa ya kuharisha, au angefika kesho yake, wasingepata mtu wa kushonwa.

Bibi Dorotea alifika kwa kivuko kilipofunguka. Alikaa kando ya kitanda cha mwanawe, akaona mpira uliotoka tumboni na yale yaliyokuwa yanatoka humo. Siku hiyo alimwambia mkwe wake, bila kumtazama, kwamba asipige magoti.

Nkwabi alipoanza kukaa kitako, Wilhelmina alimwacha na mama yake akarudi Nyamisange. Hakurudi kupumzika. Alikwenda moja kwa moja kwa wavuvi watatu, akawaambia kwamba kesho watakwenda na Sista Gladness kituo cha afya kupimwa, kila mmoja na kikopo chake chenye choo kikubwa. Antoni akauliza kama ni lazima abebe yeye mwenyewe. Wilhelmina akamjibu kwamba fungu lake ni lake.

Majibu yalipotoka, Sista Gladness aliwakalisha mwaloni. Watu wengine wa mialo ya jirani walisikia wakasogea.

"Nkwabi aliwaambia tumbo ni tumbo," alianza. "Sasa sikieni. Ogweno ana amiba. Ndiyo inayomletea lile tumbo la kukata, makamasi na damu. Amiba ina dawa yake, na ile mliyogawana haiigusi. Shimba ana kichocho cha tumbo. Hicho hakiingii kwa mdomo. Kinapenya kwenye ngozi ukiwa umesimama kwenye maji penye konokono, pale pale kwenye matete. Kisipotibiwa huharibu ini. Nacho kina dawa yake nyingine kabisa. Nkwabi alikuwa na homa ya matumbo. Watu watatu, magonjwa matatu, na wote mmemeza dawa ya mmoja."

"Na mimi, Sista?" aliuliza Antoni.

"Wewe huna kitu."

Watu walicheka mpaka Antoni mwenyewe akacheka. Sista Gladness hakucheka. Alimwambia kwamba vile vidonge alivyomeza bure ndivyo vilivyopungua kwenye utumbo wa nahodha wake. Kicheko kikakatika.

Ogweno akauliza kama ni bora basi mtu anunue dozi yake mwenyewe kwa Kashindye. Sista Gladness akamwuliza kama angempa Kashindye ashone nyavu zake. Ogweno akasema Kashindye hajui hata kushika sindano ya nyavu.

"Na utumbo wako una thamani ndogo kuliko wavu?" aliuliza Sista. "Pimwa kwanza ujue ni ugonjwa gani. Kisha meza dawa yake, yote, wewe peke yako. Dawa nusu haiui vijidudu. Inavifundisha."

Mwanamke mmoja alisema kwamba ng'ambo kuna kipindupindu, je, nacho ni hivi hivi. Sista akamweleza kwamba mwenye kipindupindu huharisha maji matupu, meupe kama ya kuoshea mchele, na mtu hukauka upesi akafa. Huyo hangoji majibu ya kikopo. Anyweshwe maji yenye dawa ya pakiti ya kurudisha maji mwilini, au maji yaliyochemshwa yenye sukari na chumvi kidogo, anyweshwe njiani huku anapelekwa zahanati.

"Lakini homa ya matumbo, amiba, kipindupindu, vyote vina mlango mmoja," alisema. Alinyoosha mkono kwenye matete. "Samahani wazee, nitasema waziwazi. Mnakunywa mavi yenu. Mnayaweka pale, mvua inayasogeza pale, na Wilhelmina anayachota pale."

Wilhelmina alitazama chini. Alikuwa amewakasirikia watu wengi mwezi ule. Sasa alijiona mwenyewe na ndoo yake. Alisema mbele ya watu kwamba tangu siku ile atachemsha maji mpaka yatokote sawasawa, na atakayesema yananuka moshi atajipikia.

Choo hakikuchimbwa siku hiyo. Kwanza wavuvi walibishana nani mwenye mwalo. Kisha walisema udongo una mawe. Kisha jembe likapotea. Wilhelmina alipochoka kusikiliza aliwaambia hapiki mpaka shimo limzidi Shimba urefu, naye Shimba ni mrefu. Walichimba juu kabisa kwenye kilima, mbali na ziwa na juu ya njia ya mafuriko, na Antoni ndiye aliyechimba kwa haraka zaidi. Wakaweka mfuniko wa mbao wa kuzuia nzi. Mlangoni wakatundika kibuyu cha maji na kipande cha sabuni, ili mtu akitoka anawe mikono kabla ya kugusa chakula au nyavu. Ogweno alimeza dawa yake ya amiba yote. Shimba alimezeshwa ya kichocho pale pale mbele ya Sista.

Nkwabi alirudi mwezi ukiwa mpevu tena. Alikuwa amekonda, suruali ameifunga kwa kamba, na tumboni alikuwa na kovu refu kama mshono wa tanga. Mkononi alishika bahasha ya vidonge kutoka hospitali, vya kumalizia. Wenzake walikuja kumpa pole. Walikaa kivulini nyuma ya nyumba, mahali pale pale. Walimweleza habari za shimo, na kila mmoja akadai amechimba kuliko wengine.

Kisha Antoni akashika tumbo. Alisema tangu jana linamsumbua, safari hii kweli, na ameenda chooni mara nyingi. Hakuomba kitu. Lakini macho yake yalikwenda kwenye bahasha, kwa mazoea tu, kama macho ya paka yanavyokwenda kwenye karai.

Nkwabi alimtazama. Wilhelmina, aliyekuwa anachochea moto, aliona uso wa mumewe ukilainika. Alikuwa anaujua uso huo. Ulikuwa uso wa kukata sabuni. Nkwabi akanyoosha mkono, akachukua mfuniko wa sufuria, akavimwaga vidonge vyote juu yake.

Wilhelmina alishika mwiko. Maneno yalimjaa mdomoni, maneno ya mwezi mzima. Akayazuia.

"Shimba," alisema Nkwabi. "Geuka."

Shimba akageuka, akaupa mfuniko mgongo.

Nkwabi alivikusanya vidonge kwa vidole vyembamba. Havikuwa mafungu manne. Vilikuwa fungu moja. Akaligusa.

"Hili la nani?"

Shimba alikuna kisogo. "Yako mafungu mangapi, nahodha?"

"Moja."

"Basi ni la Nkwabi."

"Antoni, umesikia?"

"Nimesikia, nahodha."

"Dagaa nitakugawia mpaka nizeeke. Shati langu chukua, limeshanizidi. Hivi, hapana. Wewe tafuta kikopo, twende kwa Sista. Nitakusindikiza polepole."

Alivirudisha vidonge kwenye bahasha, akabakiza kimoja kiganjani. Wilhelmina alimletea kikombe cha maji. Nkwabi akameza, akanywa mpaka chini. Maji yalinuka moshi. Ogweno alivuta harufu hiyo, akafungua mdomo aseme kitu, akamwona shemeji yake na mwiko wake, akaufunga.